Masikio ya Mzee Gaspari

Nakumbuka vizuri sana, mwanangu, asubuhi niliyomfanya mtu mwenye masikio mazima aanze kuishi kama kiziwi. Sikumpiga kofi wala sikumwendea kwa mganga. Nilimtania tu mbele ya watu, na watu wakacheka. Siku hizi wajukuu wakiniambia, "Babu, una mdomo mtamu," natabasamu kwa kuwa sitaki kuwaharibia furaha yao, lakini moyoni naona haya. Mdomo huu wanaousifu najua uliwahi kufanya nini.

Wakati huo nilikuwa kijana wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, fundi wa redio za magari. Ninyi mnaoingia garini na simu mfukoni, nyimbo zikaanza kulia zenyewe, hamwezi kujua ufundi ule ulikuwa na heshima gani. Ilikuwa miaka ya vita. Barabara iliyopitika jana leo haipitiki, na mtaa uliolala salama unaamka umefungwa. Mtu akitaka kwenda Kigobe au Gatumba, kwanza alisikiliza redio. Redio ndiyo iliyosema wapi kumelia risasi, nani amefariki, na msiba uko kwa nani. Kwa hiyo abiria wa Bujumbura walichagua teksi kwa redio yake. Gari lenye viti vilivyochanika lakini redio inaongea vizuri lilijaa haraka, na gari safi lisilo na redio lilishinda parkingi likipigwa jua.

Mama Salima, muuza vitenge wa soko kuu, alikuwa na teksi moja, gari dogo la Kijapani lililokwisha kula chumvi nyingi. Alikuwa rafiki wa mama yangu mzazi tangu usichana wao, kwa hiyo kwangu naye alikuwa mama, na haki ya kunifokea alikuwa nayo. Dereva wake aliitwa Mzee Gaspari, Mkristo wa mtaa wa Cibitoke, mtu mpole, kichwa cheupe kwa mvi, anayevaa koti hata jua likiwaka. Alikuwa anaendesha magari mjini kabla mimi sijazaliwa. Redio ya gari hilo ilipokufa, Mama Salima akapata nyingine iliyokwisha tumika. Iliingia kwa njia ya Gatumba, mpakani na Kongo, kama vitu vingi vya wakati ule wa vikwazo vya biashara, ambavyo sisi sote tuliviita ambago. Ilinifikia nyaya zake zimekatwakatwa, haina kichwa cha kuchomekea, haina hata karatasi ya maelezo.

Sasa nikueleze jambo la kazi kidogo, maana bila hilo hutaelewa aibu yangu. Katika magari ya zamani, spika ya mlangoni ilikuwa na waya mmoja tu unaotoka kwenye redio. Waya wa pili walikuwa wanaufunga kwenye bati la gari, basi, kazi imekwisha. Redio mpya hazikutaka hivyo. Ukizifunga kwa mtindo huo wa zamani zinapata moto, zinakata sauti, mwishowe zinaungua. Mafundi wengine walikwisha ua redio za watu kwa kutolijua hilo. Mimi nililijua. Nikang'oa ngozi za milango, nikapitisha nyaya mpya, mbili kwa kila spika, nikazifunga vizuri kwa utepe. Jinsi nilivyojiona siku hiyo, mwanangu, hata kusalimia watu nilisalimia kwa kidevu.

Ilikuwa Ijumaa na muda wa swala ulikuwa umekaribia. Spika ya mlango wa kulia niliifunga taratibu. Ya mlango wa kushoto niliifunga kwa haraka, mguu mmoja tayari uko njiani kwenda msikitini. Nikawasha redio, nikasogeza sikio mlango huu, inalia. Mlango ule, inalia. Nikamkabidhi Mzee Gaspari gari lake.

Kesho yake asubuhi alirudi.

"Fundi," akaniambia kwa upole, "iyi redio inaongea, lakini sauti yake haiko. Mutu wa habari anaongea kama amefunikwa na beseni. Gari ikitembea, maneno yote inapotea. Mi sisikie kitu."

Nikafanya kile ambacho kila fundi hufanya. Nikazungusha kitufe, sauti yote ikaenda kushoto, nikainama nje ya mlango wa kushoto nikasikiliza. Safi. Nikakizungusha kulia, nikazunguka gari, nikasikiliza. Safi. Nikamwambia hakuna tatizo. Akanishukuru, akaondoka, akarudi tena. Nikakaza antena. Akarudi. Nikabadilisha fyuzi, ambayo haikuwa na kosa lolote. Akarudi na maneno yaleyale ya beseni, kwa upole uleule, na mimi upole wake ukaanza kunikera. Hakuna siku hata moja niliyoingia nikaketi kwenye kiti chake, nikafunga milango, nikawasha injini, nikasikiliza kutoka pale alipokuwa anasikilizia yeye. Kiti kilikuwa wazi. Kiburi tu ndicho kilichonizuia.

Ndipo ikafika asubuhi ile. Nilikuwa parkingi ya teksi karibu na soko kuu, nafunga antena ya dereva mwingine, madereva wamenizunguka wakipiga soga. Mzee Gaspari akaja, akavua kofia, akaanza, "Fundi, ile redio..."

Sikumwacha amalize. Nikasema kwa sauti ili wote wapate, "Muzee, spika zote mbili ziko nzima! Nimezipima nimechoka. We uniletee masikio, nikufungie mapya!"

Walicheka, mwanangu. Dereva mmoja alilalia boneti la gari lake kwa kucheka. Mimi nikavimba kichwa, maana hakuna kitu kijana anapenda kama kuchekesha watu wazima. Mzee Gaspari hakukasirika. Alitabasamu kidogo, akagusa sikio lake kwa vidole, akasema, "Pengine. Pengine ni uzee." Akavaa kofia yake akarudi garini.

Sasa lazima ujue siku zile zilivyokuwa. Barabarani kulikuwa na vizuizi, tuliviita bariyeri, vingine vya kila siku na vingine vinavyozuka asubuhi tu bila taarifa. Askari akisema "Hagarara!", unasimama papo hapo. Hakuna aliyetaka kujua nini kitatokea akiita mara ya pili. Kila abiria aliyepanda teksi alikuwa ameweka roho yake kwenye masikio ya dereva. Sasa wewe niambie, kati ya utani wote duniani, mimi niliokota upi? Ningemtania tumbo, ningemtania koti lake la baridi, angecheka na sisi na maisha yakaendelea. Nilimtania masikio, mjini ambako dereva asiyesikia aliogopwa kuliko dereva mlevi.

Maneno yale yalitoka parkingi yakaingia sokoni. Wanawake wanaokwenda Gatumba kuchukua bidhaa wakawa wanachungulia kwanza kwenye kioo. "Ni ule muzee kiziwi? Apana, tungojee ingine." Wengine walikwisha kaa ndani, wakaambiwa, wakashuka na vikapu vyao. Mama Salima alimtetea dereva wake kwa muda, kisha hofu ikamshinda naye. Akamwita nyumbani, akampa chai, akamwomba funguo. Gari akalikabidhi kwa kijana mmoja anaitwa Yusufu.

Niliposikia habari hizo, unajua nilisema nini? Nilisema ni vizuri, kwa usalama wa watu. Hayo ndiyo niliyosema, na nilikuwa natafuna muhogo nikiyasema.

Na kuna baya zaidi. Nilimwona Mzee Gaspari baadaye, anapita sokoni kwa miguu. Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea wasiosikia. Mtu akimsemesha alimtazama mdomo. Kila neno alijibu kwa, "Unasema?" Mtu aliyekuwa anasikia kila mlio wa injini, sasa anaulizia hata bei ya nyanya mara mbili. Basi mimi mjinga, nilipomwona hivyo, niliridhika. Nikajisemea, si mnaona, nilijua tangu mwanzo. Haikunijia kabisa kwamba alikuwa ameniamini mimi, na kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa inamla.

Siku moja Yusufu akaja karakana yangu. Kijana mwepesi, ana masikio ya paka, hata ukimnong'ona yuko ng'ambo ya barabara anageuka. Akaegesha gari, akashuka, akaniambia:

"Fundi, iyi redio haina sauti kabisa. Mutu anaongea kama yuko ndani ya ndoo. Nikitembea, sisikie habari."

Nikamuuliza, "We, umeongea na muzee Gaspari?"

"Apana. Kwa nini?"

Nikaingia kwenye kiti cha dereva. Nikafunga milango yote, nikawasha injini, nikawasha redio. Mtangazaji alikuwa anaongea, na kweli alikuwa anaongea, lakini sauti ilikuwa nyembamba, haina kifua, haina mahali inapotokea. Injini ilipoongeza mlio kidogo maneno yalipotea. Ilikuwa ndiyo hasa ile sauti iliyofunikwa beseni.

Nikavua ngozi za milango. Nikachukua betri ndogo ya tochi na vipande viwili vya waya. Ukiigusisha betri kwenye nyaya za spika, ile karatasi ya spika inaruka kidogo, ama nje ama ndani, na ndivyo unavyojua imefungwa upande gani. Ya kulia iliruka nje. Ya kushoto, kwa nyaya zilezile na betri ileile, iliingia ndani. Nilikuwa nimezipishanisha nyaya za mlango wa kushoto, ile Ijumaa ya haraka zangu. Spika moja ilikuwa inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na sauti ya mtu ikawa inauawa katikati, pale penye kiti. Ukisikiliza spika mojamoja hutaona kosa. Ndiyo maana mimi, niliyeinama nje ya milango, nilisikia safi, na yeye, aliyeketi ndani, hakusikia.

Kupishanisha zile nyaya upya kulichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Nikawasha. Mtangazaji akawa kama ameketi nasi mbele pale. Yusufu akanipiga bega, "We fundi, uko mukali!" Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Shetani alinijia, sitakuficha. Akaniambia, nani anajua? Yusufu hajui kitu. Mzee amekwisha kubali. Nyamaza, hata yeye ataishi. Nikakaa na maneno hayo mpaka chakula kikanishinda, kisha nikachukua baiskeli nikaenda Cibitoke.

Nilifika uwani kwake nikapiga hodi kwa sauti ya chini, kwa sababu nusu yangu ilikuwa inaomba asiwepo. Mke wake alikuwa hapo hapo sebuleni, hakunisikia. Aliyeitika ni Mzee Gaspari, kutoka nyuma ya nyumba alikokuwa anapasua kuni. "Karibu!" Kisha akatokea anafuta mikono, akaniona, akanisogezea kiti na kuniambia, "Upaze sauti, mwanangu. Haya masikio ilikwisha."

Nililia kabla sijaketi. Nikamweleza yote, ya mlango wa kushoto, ya Yusufu, ya betri. Akanisikiliza bila kuniuliza hata mara moja nimesema nini.

"Kwa hiyo sauti haikukuwa," akasema mwishowe.

"Haikukuwa, muzee."

"Na mi nilikuwa nasema kweli."

"Ulikuwa unasema kweli. Nisamehe, muzee wangu."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha mzee akasema maneno ambayo mpaka leo sijayasahau. "Kijana, pa parkingi ulisema mbele ya watu wote. Hapa unasema mbele ya bibi yangu, na bibi yangu hakunicheka hata siku moja. Mi nimekusamehe. Lakini ile neno, wende uitoe kule uliiacha."

Nilianza kwa Mama Salima. Nilimkuta dukani kwake anakunja vitenge. Nilipomaliza kusema aliacha kukunja.

"Tangu lini," akaniuliza, "fundi wa redio amekuwa munganga wa masikio? Na mi mujinga nikakuamini we. Mutu ameniendeshea gari miaka yote hata kuku hajamukanyaga, nikamuchukulia funguo kwa sababu ya mudomo wako!" Akanifukuza dukani, kisha akanifuata nje na mtandio wake, akaniambia twende.

Nilisimama parkingi, mahali palepale, nikasema mbele ya madereva kwamba masikio ya Mzee Gaspari ni mazima na kosa lilikuwa mikononi mwangu. Nilidhani aibu itakuwa ni kuchekwa. Ningechekwa ningefurahi. Walinitazama kwa huruma. Mmoja akanishika mkono akasema, "Fundi, uko mutu muzuri, unamuhurumia muzee. Lakini usifiche watu kweli." Hawakuamini. Uongo wangu ulikuwa na kicheko ndani yake, ukapita wenyewe. Ukweli ukaja na sura ya msiba, na wakaona nimeutunga.

Mama Salima alimrudishia Mzee Gaspari gari kesho yake, na Yusufu naye akatafutiwa kazi nyingine. Lakini abiria hawakupanda. Gari linaongea vizuri kuliko yote parkingi, na ndani yuko mzee peke yake ameshika usukani. Mama Salima akaniita. "Basi utapanda we," akasema. "Utakaa mbele, karibu naye, watu wakuone. Wakikuuliza kama hauogopi, ujibu." Nikafunga karakana yangu, nikawa abiria.

Safari ya kwanza wanawake wa Gatumba walituchungulia, wakaniona, wakaulizana, mwishowe wakajibana nyuma na vikapu vyao. Tulitoka mjini. Mimi kwa wasiwasi nilikuwa naongea mfululizo, mambo ya antena, mambo ya mvua, ili tu kusiwe kimya. Redio nayo inaongea, akina mama nyuma wanaongea. Ghafla Mzee Gaspari akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya barabara tupu.

Mimi sikuwa nimesikia kitu chochote. Nikatazama mbele, hakuna mtu. Nikatazama kando. Kulia kwetu, ndani ya majani marefu, askari alikuwa anainuka taratibu akiwa ameinua mkono, na nyuma yake mwingine. Mahali pale hapakuwahi kuwa na bariyeri. Nyuma mama mmoja akaanza kusali kwa Kirundi.

Mzee Gaspari alizima redio. Akanigeukia mimi, mwanangu, mimi mwenyewe, na uso wake ulikuwa umejaa wasiwasi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ameita, apana? Nimesikia vizuri?"

Nilikuwa sijasikia. Nikasema, "Ndiyo, muzee. Ameita. Umesikia vizuri."

Askari walitazama vikapu, wakatuambia tuendelee. Akina mama walilisimulia jambo hilo Gatumba nzima, na kufika Ijumaa gari lilikuwa linajaa kuliko yote. Kazi yake alirudishiwa na jina lake pia. Lakini lile swali halikuondoka. Aliendesha miaka mingine mingi, vita vikaisha, na kila alipofika karakana kwangu na mtu akamsemesha, alijibu sawasawa kabisa, kisha ananitupia jicho: "Nimesikia vizuri?" Nami namjibu ndiyo. Mpaka anaingia kaburini, mwanangu, alikuwa anasikia kila kitu na hajiamini kwamba amesikia.

Ndiyo maana nakuambia, mtu akikuletea malalamiko usimpimie kutoka pale uliposimama wewe. Ingia, keti kwenye kiti chake, funga mlango, washa injini, halafu ndiyo useme. Na ukikosa njia hapo, sema "sijui", hata kama watu wamekuzunguka na unatamani kuwachekesha. Mwili wa mtu mzima usiufanyie mzaha, hasa siku ambazo kila mtu anaogopa, kwa kuwa watu wenye hofu hawajui kutofautisha mzaha na habari. Na ukimvunjia mtu heshima mbele za watu, usiende kumwomba radhi uani kwake kwa sauti ya chini ukaona umemaliza. Rudi palepale uliposemea. Usiposadikiwa, kaa naye kwenye gari lake mpaka wakusadiki. Hata ukifanya hayo yote, kuna kitu ndani ya mwenzako ambacho hutaweza kukifunga upya, na utaishi ukijua hivyo, kama mimi.

Mwenyezi Mungu akulindie masikio yako na ulimi wako, mwanangu. Akupe wazee watakaokusamehe na watakaokataa kukuachia njia rahisi. Na siku utakapokuwa mzee, ukisema umesikia, Mungu akupe watoto watakaokuamini mara ya kwanza. Amina.